SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUCHAKAA KWA SPRINGI ZA TELA KABLA YA WAKATI WAKE



Katika hesabu za chama cha msingi chenye trekta yake, hapana kifungu kinachozusha maneno mengi mkutanoni kama kile cha matengenezo ya tela. Trekta ina injini, na kila mkulima anafahamu kwamba injini hula fedha. Lakini tela, husema wanachama, ni sanduku la chuma juu ya magurudumu. Haina injini wala hainywi dizeli. Imekuwaje inunuliwe springi mara mbili katika msimu mmoja? Hapo dereva hutazamwa kwa jicho baya, Katibu hushukiwa kwamba bei aliyoiandika siyo ile aliyoilipa, na mwenye duka la vipuri, ambaye hayupo mkutanoni kujitetea, hulaumiwa kwa kuuza bidhaa bandia. Yawezekana mmoja wao ana makosa. Yawezekana pia kwamba hapana mwenye makosa isipokuwa mkutano wenyewe, ulioamua mwezi uliopita kwamba tela ibebe mchanga wa kujengea ghala.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mabishano ya namna hiyo. Limekusudiwa hasa kwa vyama vya upande wa Usinge na Kaliua, ambako tumbaku hutoka mbali na ghala, na njia nyingi ni za mchanga zinazopita katikati ya miombo, kisha huteremka ghafula mbugani kwenye udongo mweusi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo inapita Usinge. Lakini reli haifiki shambani. Kazi ya kutoka shambani hadi ghalani imebaki kuwa ya baiskeli, mkokoteni na tela, na katika hivyo vitatu tela ndiyo inayobeba mbolea wakati wa kupanda na marobota wakati wa masoko. Ikikatika springi katikati ya masoko, marobota hukaa kijijini, tumbaku hukauka kupita kiasi au hupata unyevu, na daraja lake hushuka mbele ya mteuzi. Gharama ya jani moja la chuma basi siyo ile iliyoandikwa katika risiti peke yake.

Yapasa kusema mapema kwamba tela nyingi za shamba hazina springi kabisa: ekseli yake imefungwa moja kwa moja kwenye chasisi. Chama chenye tela ya aina hiyo kina matatizo yake mengine, nayo si ya somo hili. Hapa tunazungumza juu ya tela zilizotengenezwa kwa safari za barabarani, zenye springi za majani kila upande wa ekseli.

JINSI SPRINGI INAVYOFANYA KAZI

Springi ya majani ni mabamba ya chuma yaliyopindwa kidogo kama upinde na kupangwa moja chini ya jingine, refu likiwa juu na fupi chini. Mafundi wengine huyaita mabamba hayo pleti; sisi tutayaita majani. Jani la juu, lililo refu kuliko yote, ndilo jani kuu. Ncha zake zimekunjwa zikawa na matundu, nayo hupitishiwa pini ndani ya bushi na kushikwa kwenye chasisi. Katikati, majani yote yametobolewa tundu moja na kupitishiwa senta bolti. Kisha bolti zenye umbo la herufi U huyafunga majani hayo pamoja na ekseli.

Mzigo ukikaa juu ya tela, chasisi husukuma ncha za springi kwenda chini, na ekseli husukuma katikati yake kwenda juu. Upinde hunyooka. Upande wa juu wa kila jani huvutwa na upande wa chini hubanwa. Jambo hili dogo ni la kukumbukwa, kwa sababu chuma hupasuka pale kinapovutwa: ufa wa springi kwa kawaida huanzia upande wa juu wa jani, mahali ambapo macho ya dereva hayafiki kwa urahisi, na aghalabu huanzia kwenye mkwaruzo mdogo au shimo la kutu.

Tena springi inapocheza, jani halikai kimya juu ya jani. Ncha ya jani la chini hutelezatelezea tumbo la jani la juu yake. Katika nchi yenye lami na mvua msuguano huo huwa mdogo. Katika mchanga wa Usinge mwezi wa Agosti, mavumbi hujaa kati ya majani na kufanya kazi ya msasa. Ukizifungua springi za tela iliyopita misimu miwili bila kusafishwa, utaona karibu na ncha za majani mahali palipolika na kung'aa kama kisu kilichonolewa. Hapo jani limekuwa jembamba, na jembamba hukatika.

Chuma cha springi siyo chuma cha nondo. Kimechanganywa na vitu kama silikoni, manganizi au kromi, kisha kimepashwa moto hadi karibu nyuzi 850 au 900 za Selsiasi, kikazimishwa ghafula ndani ya mafuta, kikapashwa tena kwa moto mdogo zaidi, nyuzi mia nne na ushei au mia tano, ili kiwe kigumu bila kuwa kama kioo. Nchi hii ilijua kazi ya chuma kabla ya gari: katika karne ya 19 majembe ya wahunzi wa Kirongo yalikuwa bidhaa mashuhuri katika njia za Unyamwezi. Mhunzi wa leo naye ni fundi, lakini jani la springi lililokatika likichomelewa kwa umeme hupoteza ile hali liliyopewa kiwandani. Pembeni mwa weldi chuma huwa kikavu na chepesi kuvunjika, na mahali pengine hulegea. Jani lililochomelewa linaweza kurudisha tela nyumbani ikiwa tupu na kwa mwendo wa pole. Kulifunga tena na kulipakia tani nne za mbolea ni kutafuta ajali.

MZIGO

Hapa ndipo penye sehemu kubwa ya maradhi, na tutapakawia.

Mnamo miaka ya 1850 na 1860 mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alijiuliza kwa nini ekseli za mabehewa zilivunjika ilhali mzigo uliokuwa juu yake haukufikia hata nusu ya ule wa kuzivunja. Alitengeneza mashine za kupinda na kupindua vyuma mara maelfu na malaki, akaonyesha kwamba chuma kinachopindwa kidogo lakini mara nyingi hatimaye hupasuka. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa chuma. Na uchovu huo haukui sawasawa na mzigo. Ukiongeza mzigo wa springi kwa sehemu moja ya tano, umri wake haupungui kwa sehemu moja ya tano: waweza kushuka hadi nusu, au chini ya hapo. Kwa hiyo tela ya tani 5 inayopakiwa tani 6 kila siku haijaiba tani moja ya bure. Imekula nusu ya umri wa springi zake, na hakuna aliyeona kitu, maana siku hiyo tela ilifika salama.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri njia hii kati ya pwani, Tabora na Ujiji walilifahamu jambo hilo katika mabega yao. Mzigo wa pagazi ulikadiriwa kuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na ulipimwa na kubishaniwa kabla ya safari kuanza, si njiani. Tela haiwezi kubishana. Hapana budi Katibu aibishanie.

Namna ya kubishana ni kuhesabu. Tuchukue mfano wa tela iliyoandikwa tani 5, yenye sanduku la urefu wa mita 4, upana mita 2, na mbao za pembeni zenye kimo cha nusu mita. Ujazo wake hadi ukingoni ni mita 4 za ujazo. Mifuko 100 ya mbolea ya kilo 50 ni tani 5 kamili. Mfuko wa 101 umezidi, hata kama nafasi ipo tele. Mchanga mkavu una uzito wa karibu tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo: sanduku likijaa ni tani 6.4. Mchanga uliochotwa mtoni ukiwa umelowa huweza kupita tani 7. Matofali ya kuchoma ya kilo tatu tatu, elfu moja ni tani 3, elfu mbili ni tani 6. Marobota ya tumbaku kwa upande wake hujaza nafasi kabla ya kutimiza uzito, na ndiyo sababu tumbaku huonekana mzigo mkubwa kwa macho, ilhali mchanga uliosawazishwa hadi ukingoni huonekana mzigo wa adabu.

Kuni za mabani ni mtego wa pekee. Mti wa miombo uliokatwa wiki hii una maji mengi ndani yake, na uzito wake hukaribia tani moja kwa kila mita ya ujazo ya mti mtupu. Zikipangwa hadi ukingoni, pamoja na nafasi za hewa kati yake, hazina neno. Lakini nani amewahi kuona kuni zikiishia ukingoni? Husimikwa miti pembeni na kupandishwa mara mbili ya kimo cha sanduku, na hapo tela imeshafika tani 5 au imepita. Kuni zilizokaa miezi kadhaa baada ya kukatwa zingekuwa nyepesi kwa theluthi moja au zaidi, na zingewaka vizuri zaidi katika bani. Mwanachama anayekata kuni zake mapema humsaidia mwenye tela na hujisaidia mwenyewe.

Pamoja na uzito, tazameni mahali mzigo ulipokaa. Wapakiaji wakiwa upande mmoja wa tela, mzigo hurundikana upande ule ule, na springi ya kushoto hubeba tani 3 wakati ya kulia ina tani 2. Kwa hesabu ya tela nzima hakuna kilichozidi. Kwa springi ya kushoto kimezidi.

Na mwendo je? Gurudumu likitumbukia shimoni na kutoka, springi hubeba kwa kitambo kidogo mzigo mkubwa kuliko ule uliopimwa kwenye mizani, na mshindo huo huongezeka upesi mwendo unapoongezeka. Barabara yenye mawimbi ya mavumbi, kama zilivyo nyingi wakati wa kiangazi, huipinda springi mara nyingi kila dakika. Dereva anayelipwa kwa idadi ya safari ana sababu ya kukimbia. Chama kinachomlipa hivyo kisimshangae.

KUSOMA JANI LILILOVUNJIKA

Jani la zamani lisitupwe wala lisiuzwe kwa mtengeneza mapanga kabla Katibu na mjumbe mmoja wa bodi hawajalitazama, kwani linaeleza habari zake.

Likiwa limekatika katikati, kwenye tundu la senta bolti, shaka ya kwanza iwe juu ya bolti za U. Tundu hilo limepunguza upana wa chuma, nalo hulindwa tu kwa kuwa bolti za U zimebana sehemu yote ya kati isiweze kupinda. Zikilegea, sehemu hiyo huanza kupinda, na hukatikia tunduni. Wakati mwingine senta bolti yenyewe hukatika, ekseli ikasogea nyuma upande mmoja, na tela ikaenda kimshazari kama mbwa anayetembea. Hii ni hatari kwa watu walio barabarani, na tairi huliwa upesi.

Likiwa limekatika kwenye tundu la ncha la jani kuu, tazameni pini na bushi. Bushi iliyokwisha huacha pini ipige, na kila kipigo ni nyundo. Mikono ya chuma inayoning'iniza ncha ya nyuma ikiwa imeganda kwa kutu na matope, springi haipati nafasi ya kurefuka inaponyooka, na jani kuu huteswa bila sababu.

Majani yakiwa hayakukatika bali yamenyooka pande zote mbili, tela imezidishiwa mzigo kwa muda mrefu. Yakinyooka upande mmoja tu, mzigo umekuwa ukipakiwa upande huo, au chasisi imepinda. Majani yaliyolika ncha na kung'aa ni kazi ya mchanga. Ukiutazama mpasuko wenyewe, sehemu iliyo laini na yenye kutu ni ufa wa siku nyingi; sehemu yenye chembechembe na rangi mpya ni ile iliyokatika siku ya mwisho. Sehemu ya zamani ikiwa kubwa, dereva wa siku ile hakuivunja springi. Aliikuta imekwisha kufa. Nimeona ni haki kulitaja hili, maana madereva wengi wamekatwa mishahara kwa ufa uliozaliwa kabla hawajaajiriwa.

Je, yawezekana jani likawa bovu tangu dukani? Ndiyo. Jani bovu hunyooka au hukatika katika safari za mwanzo likiwa na mzigo halali, hali bolti zimekazwa. Lakini chama kisichojua uzito wa mizigo yake wala siku bolti zilipokazwa hakiwezi kumdai mwuzaji kitu, kwani mwuzaji atauliza maswali hayo hayo mawili.

MATUNZO NA MATENGENEZO

Bolti za U zikazwe tena baada ya safari chache za kwanza tangu springi mpya kufungwa, kwa sababu majani hujikalisha na bolti hulegea. Baadaye zikaguliwe kila mwezi, na kila wiki wakati wa masoko. Tela isimame kwa magurudumu yake mahali palipo sawa, bila jeki, na nati zikazwe kwa mshazari, moja ya mbele na moja ya nyuma, hatua kwa hatua. Bolti iliyorefuka au yenye nyuzi zilizoliwa ibadilishwe pamoja na nati yake.

Pini zenye nipeli zipigwe grisi mpaka ile ya zamani, yenye mchanga, itoke pembeni. Grisi ikikataa kuingia, njia imeziba. Kupangusa nipeli na kwenda zako ni sawa na kutopiga.

Juu ya kumwagia oili chafu kati ya majani, mafundi hawaelewani. Kwa maoni yangu, huku kwetu ni desturi mbaya. Oili hukamata mavumbi, na oili yenye mavumbi ni msasa wenye unyevu; tena huharibu bushi za mpira. Lililo bora ni kuzifungua springi mara moja kwa mwaka, baada ya masoko na kabla ya mbolea kuanza kusafirishwa, kuyasugua majani kwa brashi ya waya, kuyakagua upande wa juu kutafuta ufa, na kuyapaka grisi nyepesi yenye grafiti kwa tabaka jembamba. Katibu akikosa grisi hiyo, heri majani safi makavu kuliko machafu yenye oili.

Neno moja juu ya kuongeza majani. Tela ikinyooka springi, fundi wa njiani hushauri kuongeza jani nene la lori. Jani nene ni gumu kupita kiasi cha unene wake: likiwa nene mara mbili kwa upana ule ule, ugumu wake ni mara nane. Likiwa kati ya majani membamba hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na hukatika la kwanza. Hata lisipokatika, mshindo uliokuwa ukimezwa na springi huhamia kwenye ekseli, beringi, tairi na weldi za chasisi, na tela ikiwa tupu hurukaruka. Springi zibadilishwe kwa zile za kipimo chake, na ikiwezekana pande zote mbili kwa pamoja, ili jipya lisifungwe na lililochoka.

Weldi yoyote ya chasisi ikifanyika, springi zifunikwe. Cheche moja iliyoganda juu ya jani yatosha kuanzisha ufa.

DAFTARI LA TELA

Trekta ina saa inayohesabu kazi ya injini. Tela haina chochote. Basi daftari ndilo saa yake. Kila safari iandikwe tarehe, mahali, aina ya mzigo, uzito wake au hesabu ya mifuko, na jina la dereva. Mara moja kwa mwezi, tela ikiwa tupu na imesimama mahali palipo sawa, dereva apime kwa rula nafasi iliyopo kati ya ekseli na chasisi, kushoto na kulia, na Katibu aandike sentimita hizo. Nafasi ikipungua mwezi hadi mwezi, springi inanyooka, na bodi itajua miezi kadhaa kabla ya kukwama njiani. Kulia na kushoto zikianza kutofautiana, warudi kutazama upakiaji.

Daftari hilo lina faida nyingine mkutanoni. Mwanachama anayeuliza kwa nini springi zimenunuliwa ataonyeshwa safari 40 za mchanga, ziliidhinishwa na nani, na tani ngapi zilipita. Chama kinachokodisha tela kwa watu binafsi kitaweza kuweka bei inayolingana na uzito, badala ya bei moja kwa mchanga na kwa magunia ya pumba.

Watu kupanda juu ya mzigo ni jambo ambalo daftari haliwezi kulitibu. Jani kuu likikatika tela ikiwa mwendoni, ekseli huchomoka mahali pake na sanduku huweza kupinduka. Bodi ipitishe azimio, liandikwe katika kumbukumbu, na dereva apewe nakala yake, ili anapomkatalia mzee wa kijiji kupanda awe na karatasi mkononi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Tela ya chama chenu imeandikwa tani ngapi, na maandishi hayo yapo wapi? Kama yamefutika, ni nani atakayeyathibitisha?

2. Pimeni sanduku la tela yenu kwa mita. Likijaa mchanga uliolowa, ni tani ngapi? Wekeni alama ya rangi ndani ya sanduku mahali mchanga unapopaswa kuishia.

3. Chama kimoja kimebadilisha jani kuu la kushoto mara mbili katika msimu mmoja, na la kulia halijaguswa. Mambo gani manne mngeyakagua kabla ya kununua la tatu?

4. Dereva anadaiwa gharama ya springi. Jani lililokatika linaonyesha kutu katika theluthi mbili za mpasuko. Bodi yenu ingeamuaje, na ingeandika nini katika kumbukumbu za mkutano?